Gari Likitetemeka Ukikanyaga Mafuta: Mwongozo Kamili wa Kusaka Tatizo Kabla ya Kununua Spea

Nenda gereji yoyote useme, "Fundi, gari linatetemeka nikikanyaga mafuta." Mara nyingi jibu unalo kabla hujamaliza sentensi: badilisha plagi. Plagi zikishabadilishwa na mtetemo ukabaki palepale, zinafuata koili zinazozipa umeme. Halafu nozeli za kunyunyizia mafuta. Halafu pampu ya mafuta. Mwisho wa yote umehamisha nusu ya duka la spea kuweka ndani ya boneti, kumbe tangu mwanzo ni maunti ya injini, kile kishikizo chenye mpira kinachoibeba, iliyochanika, kitu ambacho ungekiona kwa macho ndani ya dakika tano.

Mwongozo huu unakwenda kinyume cha hapo. Unapima kwanza, unapata ushahidi, ndipo unatoa hela. Mifano nitaichukua kwenye injini ya 1NZ-FE ya Toyota, ile ya cc 1,497 iliyomo kwenye Probox, Fielder, Raum, IST na Premio nyingi zinazotembea barabarani kwetu. Kama injini yako ni nyingine ya petroli yenye koili moja juu ya kila plagi, utaratibu ni uleule, ila vipimo utafute vya kwako. Dizeli haina plagi za cheche, kwa hiyo ina safari yake tofauti.

Kwanza, hakikisha ni injini

Si kila gari linalotetemeka lina injini mbovu. Washa gari, acha lipate joto lake la kawaida, kisha likiwa kwenye P na hendibreki juu, panda taratibu hadi mizunguko 2,500 au 3,000 kwa dakika. Sikiliza na ushike usukani. Kama mtetemo unakuja hapohapo gari likiwa limesimama, tatizo liko kwenye injini yenyewe au maunti zake. Kama injini inapanda laini kabisa, usiseme bado kwamba ni nzima, kwa sababu pale haibebi mzigo. Ingia barabarani.

Tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na watu. Kanyaga kwa nguvu kuanzia kilomita 30 kwa saa hadi 80, kisha achia mguu ghafla gari liserereke lenyewe. Hapa kuna mambo matatu ya kutofautisha. Mtetemo unaofuata mwendo, yaani upo kwenye 90 ukikanyaga au usikanyage, ni wa magurudumu: balansi, rimu iliyopinda au tairi lililovimba. Mtetemo unaokuja tu ukikanyaga na kutoweka papo hapo ukiachia, huku mwili wa gari ukiyumba kushoto na kulia na mshale wa mizunguko ukipanda bila wasiwasi, unaelekea kwenye shafti za mbele, zile zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Lakini kama gari linashtukashtuka, nguvu zinakatika na kurudi, na sauti ya bomba la moshi haiko sawasawa, basi injini inamisi, yaani kuna silinda isiyochoma mafuta inavyotakiwa.

Wenye Vitz na Passo za cc 1,000 zenye injini ya 1KR-FE wajue kwamba ile ina silinda tatu. Kutikisika kidogo ikiwa imewaka tu ndiyo asili yake, na hakuna spea itakayoifanya itulie sawa na ya silinda nne.

Maunti na shafti

Fungua boneti, mwenzako akae kwenye usukani. Hendibreki juu, breki ya mguu imekanyagwa hadi mwisho, mbele na nyuma pasiwe na mtu. Aweke D, akanyage mafuta kidogo kwa sekunde mbili tatu, aachie. Aweke R, arudie. Wewe simama pembeni, kamwe si mbele ya bampa, uangalie injini inavyoegemea. Kusogea kidogo ni kawaida. Injini ikinyanyuka na kurudi kwa kishindo, maunti imekwisha.

Maunti ya upande wa mikanda kwenye gari nyingi za aina hii ina kimiminika ndani. Ikipasuka huvuja na kuacha doa jeusi linalong'aa kwenye chuma kilicho chini yake. Piga tochi pale. Ile ya nyuma, inayozuia injini isijipinde, inahitaji uinamie au upandishe gari. Ukilipandisha, weka stendi, jeki peke yake haitoshi. Tafuta mpira uliochanika hadi unaona mwanga upande wa pili.

Shafti inachunguzwa hukohuko chini. Shika karibu na gia boksi uizungushe na kuitikisa. Kikombe cha ndani, yaani kiungo cha shafti upande wa gia boksi, kikilika, roli zake huchimba vijia kwenye kuta, na ukidai nguvu shafti inarukia kwenye vijia hivyo. Mpira wake ukikuta umechanika na grisi imetapakaa, ushahidi unao. Usichanganye na kikombe cha nje: kile kinalia "ka-ka-ka" ukikata kona, hakitetemeshi gari lililonyooka.

Kwa otomatiki, mtetemo mfupi unaokuja ukiwa kati ya 50 na 80 kwa mguu mwepesi, wa aina ya kupita juu ya matuta madogo madogo, unaweza kuwa wa gia boksi. Anza na usawa na hali ya oili ya gia, na kama ni CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) hakikisha iliyomo ni ya CVT kweli.

Piga mashine, lakini usome vizuri

Kidude cha OBD2 cha Bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, pamoja na programu ya simu kinatosha kwa kazi hii. Soketi yake iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Soma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta, kabla hujachomoa kitu chochote, maana ukitoa betri unafuta ushahidi.

P0300 maana yake silinda zinamisi bila mpangilio. P0301 hadi P0304 inataja silinda husika, na namba 1 ni ile ya upande wa cheni na mikanda. P0351 hadi P0354 ni lalamiko la umeme kwenye saketi ya koili, kwa hiyo kagua waya na soketi kabla ya koili yenyewe. P0171 inasema hewa imezidi mafuta. Hiyo itakupeleka kwenye sehemu za mafuta na hewa huko chini.

Kodi haisemi "nunua kitu fulani". P0302 inakuambia silinda ya pili haikuchoma vizuri, basi. Inaweza kuwa plagi, koili, nozeli au valvu. Fundi anayesoma kodi na kuandika bei ya spea hapohapo anabahatisha kwa pesa yako.

Taa ya injini ikiwa inawaka na kuzima, yaani inapepesa, punguza mwendo na usikanyage tena kwa nguvu. Petroli isiyoungua inaingia kwenye kataliti (kifaa cha kusafisha moshi), inaungulia humo, na joto lake linaweza kuyeyusha sega la ndani.

Plagi na koili: hapa ndipo wengi wataishia

Kwa nini gari linamisi kwenye mlima wa Kitonga lakini likisimama mzani halina neno? Ukikanyaga, throtoli, mlango wa hewa ya injini, inafunguka, hewa nyingi inajaa silinda, na ikigandamizwa shinikizo linakuwa kubwa. Cheche kuruka mwanya wa plagi katika shinikizo hilo inadai volti nyingi zaidi. Koili iliyochoka inamudu injini inaponguruma tu. Ukiidai zaidi, cheche inakosekana, au umeme unatafuta njia fupi kupitia mpira wa koili uliopasuka na kuingia kwenye chuma cha hedi (kichwa cha injini). Plagi iliyolika hadi mwanya wake umepanuka inaleta jambo lilelile.

Fanya kazi hii injini ikiwa imepoa. Hedi ni ya aluminiamu, na plagi ikitolewa kwa moto inaweza kuondoka na nyuzi zake. Unahitaji soketi ya namba 10, soketi ya plagi ya milimita 16, na ekstensheni ndefu.

Toa kava la plastiki la juu. Soketi za waya za koili zina kidole cha plastiki ambacho baada ya miaka ya joto hukauka na kuvunjika kwa kuguswa tu. Usivute waya. Bonyeza kidole hadi kizame, sukuma soketi mbele kidogo kuelekea kwenye koili, kisha ndiyo uchomoe. Zungusha koili kidogo kushoto na kulia kabla ya kuinyanyua. Ziandike namba kwa tepu.

Sasa chungulia kwenye shimo kwa tochi. Ukiona oili imetuama, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) imechoka. Ifyonze kwa sirinji na kitambaa kabla ya kutoa plagi, vinginevyo itamwagikia ndani ya silinda. Ukiona maji, jiulize injini ilioshwa lini. Gari lililoanza kumisi siku moja au mbili baada ya kupigwa maji ya presha kwenye kaawoshi halihitaji spea, linahitaji kupulizwa kwa kompresa na kukaushwa. Hata kama shimo ni kavu, legeza plagi robo mzunguko, puliza vumbi, ndipo umalizie kuitoa. Kwa gari la barabara za vumbi hatua hii si ya kuruka, kwa kuwa mchanga ukidondoka ndani unakwangua silinda.

Zipange plagi kwa mfuatano wake na uzisome. Rangi ya kahawia hafifu ni ya afya. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi au cheche dhaifu. Iliyolowa petroli haikuwaka kabisa. Yenye oili kwenye ncha inatoka kwenye silinda inayokula oili. Nyeupe iliyoungua yenye malengelenge imepata joto kupita kiasi, mara nyingi kwa upungufu wa mafuta. Kisha geuza uangalie kaure nyeupe ya juu. Mstari mwembamba mweusi, kama uliochorwa kwa penseli, unaoshuka kutoka juu hadi kwenye chuma ni njia ya umeme uliotoroka. Ukiuona, tazama ndani ya mpira wa koili ya silinda hiyohiyo; utakuta mwenzake. Hapo badilisha vyote, plagi na mpira. Ukiweka plagi mpya kwenye mpira wenye mstari, umeme utaendelea kupita njia yake.

Mwanya wa plagi za 1NZ-FE ni milimita 1.1. Za kawaida za nikeli hudumu takriban kilomita 20,000 hadi 30,000, za iridiamu hukaribia 100,000. Feki zimejaa, na boksi la Denso au NGK si ushahidi. Tazama kama ncha ya katikati imekaa katikati kweli, kama maandishi kwenye kaure hayafutiki kwa kidole, na kama ile pete ya gasketi haitoki kirahisi kwa vidole. Mimi ningenunua nikeli halali kuliko "iridiamu" ya bei ya kutupa.

Kama plagi hazina tatizo la wazi, fanya jaribio la kuhamisha. Halina gharama. Tuseme kodi ni P0302. Chukua koili ya silinda ya 2 uiweke ya 4, ya 4 ije 2. Futa kodi, endesha palepale panapolisumbua gari. Kodi ikirudi P0304, tatizo limehama na koili: koili imehukumiwa. Ikirudi P0302, koili haina hatia. Hamisha plagi kwa njia hiyohiyo. Ikibaki tena 2, umebakiwa na nozeli, waya au uzima wa silinda yenyewe. Hamisha kitu kimoja kwa mara moja. Ukihamisha viwili pamoja, hutajua kipi kilichofanya kazi.

Wakati wa kurudisha, anza kuingiza plagi kwa vidole, kwa ekstensheni bila mpini. Ikigoma, itoe uanze upya, usiilazimishe. Kaza Nm 18. Bila toki renchi (spana inayopima mkazo), plagi mpya ikishagusa kwa mkono, ongeza nusu mzunguko tu ili gasketi yake ikandamizike.

Mafuta

Tatizo likianza mara tu baada ya kujaza mafuta, anza na mafuta. Tanzania petroli huwekwa vinasaba ili kubaini iliyochakachuliwa, lakini hilo halikusaidii ukiwa umeshaweka tenki zima. Chota kidogo kwenye chupa ya glasi safi, iache itulie nusu saa. Maji yatakaa chini na mpaka wake utaonekana. Dondoshea nyingine kwenye karatasi nyeupe: petroli safi inapotea hewani na kuacha karatasi kavu, iliyotiwa mafuta ya taa inaacha doa la mafuta. Si kipimo cha maabara, ila kinatosha kukuambia kama ukamwage tenki. Risiti ya kituo itunze.

Dalili ya pampu au chujio ni tofauti na ya koili. Koili huchagua silinda moja. Mafuta yakipungua, silinda zote zinalia njaa pamoja: gari linakwenda vizuri kwa mguu mwepesi, ukikanyaga hadi chini linakohoa, linasitasita na kukataa kupanda, hasa likiwa limejaa abiria. Fundi afunge geji kwenye laini ya mafuta. Kwa 1NZ-FE shinikizo liwe kati ya kPa 304 na 343, sawa na psi 44 hadi 50, na lisishuke injini inapopandishwa mizunguko. Kabla ya kufungua laini yoyote, shinikizo litolewe kwanza, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Nani asiyejua kisa cha gari lililoungulia gereji?

Shinikizo likiwa chini, usikimbilie pampu nzima. Chujio lake dogo lililozama ndani ya tenki, ambalo unalifikia chini ya siti ya nyuma, huziba kwa uchafu. Mazoea ya kutembea taa ya mafuta ikiwa inawaka siku zote yanaiua pampu mapema, kwa kuwa petroli inayoizunguka ndiyo inayoipoza.

Nozeli nayo inasikika. Weka ncha ya bisibisi ndefu juu yake, sikio kwenye mpini, injini ikiwa imewaka. Inayofanya kazi inagonga kwa haraka na usawa. Iliyo kimya, pima umeme kwenye soketi yake kabla ya kuilaumu. Kusafisha kwa mashine ya mezani, ambapo unaona kila moja inavyonyunyiza, kuna maana kuliko chupa ya dawa ya kumwaga tenkini.

Hewa

Eya klina iliyoziba utaiona kwa macho. Kinachofichika ni bomba la mpira linalotoka kwenye boksi la eya klina kwenda kwenye throtoli. Linachanika ndani ya mikunjo yake, sehemu ya chini, ambapo huoni hadi ulikunje kwa mikono. Injini ikiwa imetulia, mpasuko umefumba. Ukikanyaga, injini inaegemea kwenye maunti zake, bomba linavutika, mpasuko unafunguka, na hewa inaingia bila kupita kwenye eyafloo, sensa inayoipima. Kompyuta inapima mafuta ya hewa iliyoiona tu. Ndiyo maana maunti mbovu na bomba lililochanika mara nyingi hukutwa kwenye gari moja.

Kwenye programu ya simu angalia fueli trimu, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Jumla ya ya muda mfupi na mrefu ikiwa ndani ya kumi juu au chini, hali ni nzuri. Ikiwa juu sana gari likisimama lakini inarudi karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500, kuna hewa inayoingia pembeni, kwenye hosi au gasketi ya manifoldi. Ikiwa njema gari likisimama na kupanda unapokanyaga, shuku pampu, chujio au sensa ya eyafloo.

Eyafloo inasafishwa kwa dawa yake maalumu tu. Ipulizie, usiguse waya wa ndani kwa kitu chochote, iache ikauke kabisa. Throtoli nayo isafishwe ukiwa hapo, ingawa kwa tatizo la mtetemo wa kukanyaga mara chache ndiyo mkosaji.

Gari ambalo halitetemeki sana ila linakabwa, halivuki mizunguko fulani hata ukikanyaga hadi chini, linaweza kuwa na kataliti iliyoziba. Gereji watakuambia waitoboe. Tafuta kwanza kilichoiziba, kwa sababu kumisi kwa muda mrefu ndiko kunakoiua.

Ukifika kwenye kompresheni

Kama umehamisha koili, plagi na nozeli na silinda ileile bado inamisi, pima kompresheni, yaani shinikizo la hewa inayogandamizwa ndani ya silinda. Injini iwe na joto, plagi zote nje, soketi za nozeli zimechomolewa, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini, betri iwe na nguvu. Kwa 1NZ-FE nzima geji inasoma karibu psi 213. Chini ya 156 ni mbaya, na silinda zisipishane kwa zaidi ya psi 14. Iliyo chini itilie oili kijiko kimoja kupitia shimo la plagi, upime tena. Ikipanda sana, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Namba hizo ziandike, uende nazo kwa fundi wa injini. Mazungumzo yenu yataanza mahali pengine kabisa.

Ukishatengeneza

Futa kodi, kisha rudi barabara ileile, mwendo uleule, mzigo uleule. Baada ya siku chache soma tena, ukiangalia na kodi zinazosubiri ambazo bado hazijawasha taa. Namba ya silinda ikianza kuonekana humo, kazi haijaisha hata kama gari linakwenda vizuri.

Na kama iliyokufa ilikuwa koili moja, badilisha hiyo moja. Ukiamua kubadilisha zote nne, zile tatu nzima usizitupe. Weka moja kwenye buti pamoja na spana namba 10: koili ikifa usiku ukiwa umeipita Chalinze, ni kazi ya dakika kumi pembeni ya barabara.